Kigazeti Kidogo na Fedha ya Matangazo

Swali tunalolileta mbele yenu juma hili laonekana dogo, lakini katika mji kama Kolwezi lina uzito wake. Tuseme mwalimu mmoja wa komini ya Manika ana kigazeti chake mwenyewe. Hakuna aliyemtuma. Jioni, akiisha kusahihisha madaftari ya wanafunzi, huandika habari za mtaa: bei ya unga sokoni, bomba lililokauka, mtoto aliyeanguka katika shimo la wachimbaji, majina ya waliofaulu mtihani wa serikali. Kurasa ni nne tu. Hupeleka kazi yake kwenye duka la fotokopi, kisha hukiuza kwa franka chache, na kila toleo humtoa fedha nyingi kuliko linavyomrudishia. Siku moja amjia mwenye duka, amwambia: "Mwalimu, nitengee robo ya ukurasa wa nyuma nitangaze biashara yangu, nami nitakulipa." Je, apokee au akatae?

Wako wasemao upesi kwamba akatae, maana fedha huharibu kalamu. Wako na wasemao upesi vile vile kwamba apokee, maana karatasi hainunuliwi kwa sifa. Sisi hatuwafuati hawa wala wale. Twaona kwamba kabla ya kujibu yafaa kuuliza kwanza: alipaye ni nani, nao walipao ni wangapi?

Matangazo hayakuingia magazetini kwa hila ya watu waovu. Zamani gazeti lilikuwa kitu cha wenye mali. Mwaka 1836, katika mji wa Paris, Émile de Girardin alianzisha gazeti lake La Presse, akalitoza franka 40 kwa mwaka, hali magazeti mengine ya mji ule yalitoza kama 80. Pengo lililobaki alilijaza kwa fedha ya matangazo. Miaka mitatu kabla yake, huko New York, Benjamin Day alikuwa ameanza kuuza gazeti lake The Sun kwa senti moja tu. Ndipo seremala na mpagazi, ambao hawajapata kushika gazeti lililo lao, walipoanza kusoma. Basi tusimhesabu mwenye kutangaza kuwa adui wa msomaji maskini. Mara nyingi ndiye aliyemnunulia nusu ya gazeti lake.

Wako pia waliokataa, na wakaishi. Gazeti la Le Canard enchaîné la Ufaransa, lililozaliwa wakati wa vita kuu ya kwanza, halipokei tangazo lolote. Hula kile linacholetewa na wanunuzi wake. Lakini wanunuzi hao wametapakaa Ufaransa nzima, wala si mtaa mmoja. Na kukataa matangazo peke yake si uhuru. Mwaka 1940 Ralph Ingersoll alianzisha huko New York gazeti lililoitwa PM, akajigamba kwamba halitauza nafasi kwa mtu. Ni kweli halikuuza, ila liliegemea mfuko wa tajiri mmoja, Marshall Field wa Tatu. Mwaka 1946 fedha ziliposhindwa kutosha, matangazo yakaingia, Ingersoll akajiuzulu, na kufika mwaka 1948 gazeti lilikuwa limekufa. Tunalitaja kwa ajili ya vijana wanaodhani kwamba asiyetangaza mali ya mtu hana bwana.

Na tuje nyumbani. Wazee wa Kolwezi, wa Musonoi, wa Luilu na wa Kapata wanalikumbuka gazeti la Mwana Shaba, ambalo Union Minière ililianzisha mwaka 1957 kwa ajili ya wafanyakazi wake. Serikali ilipoichukua kampuni mwaka 1967, ikaja kuitwa Gécamines, gazeti hilo likaendelea. Hatulidharau, wengi walijizoeza kusoma humo. Lakini ni nani aliyelitazamia limwulize mwajiri jambo asilopenda kuulizwa? Gazeti zima lilikuwa sauti yake, kama vile nyumba ilivyokuwa yake, na posho, na hospitali, na shule ya watoto. Watu waliiita kampuni baba na mama, wala hawakufanya mzaha. Kisha siku zikageuka. Mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto uliporomoka. Kampuni iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980 haikufika hata tani 50,000 mwaka 1994. Na kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaachishwa kazi, wengi wao wakiwa wamedai mishahara ya miezi mingi. Jamaa zilizojengwa juu ya mkono mmoja ziliona mkono ule unapofungwa huwa namna gani. Twaomba mwalimu wetu alikumbuke jambo hilo, maana kigazeti nacho kina tumbo.

Leo kampuni ni nyingi: KCC, Sicomines, COMMUS, Kamoa na nyingine. Lakini zote zala katika sahani moja ya shaba na kobalti, na Kongo ndiyo itoayo zaidi ya theluthi mbili za kobalti ya dunia. Hivyo katika mji wa Kolwezi wawezao kulipia ukurasa mzima ni wachache: migodi, kampuni za simu, viwanda vya bia, mabenki, na serikali ya jimbo. Chini yao wako washonaji, waoka mikate, wenye maduka ya dawa, mafundi wa pikipiki na mama wauzao nguo. Nguvu zao hazilingani, na hapo ndipo shida ilipo.

Mtu wa kampuni hatakuja kwa mwalimu na kumwambia, "Usiandike." Atakuja kwa adabu, ameshika picha nzuri ya kisima kipya na watoto wanaocheka kandokando yake, atake ukurasa mzima wenye kichwa cha habari kama habari nyingine. Sasa, sheria ya madini iliyorekebishwa mwezi wa Machi 2018 yaagiza kampuni itenge walau 0.3 kwa mia ya mauzo yake ya mwaka kwa ajili ya maendeleo ya wenyeji wa mahali inapochimba. Kisima kilichochimbwa kwa fedha hiyo si sadaka. Ni haki iliyoandikwa. Kazi ya kigazeti ni kuwaeleza watu sheria hiyo, kisha kwenda kisimani siku ya tatu na ya thelathini na kutazama kama maji yanatoka. Mtu aliyelipwa kukisifu kisima aweza kweli kwenda. Lakini miguu yake itakuwa mizito.

Nao watu wa hapa wamekuwa na mambo ya kuuliza yasiyo madogo. Katika mtaa wa Kasulo, mwaka 2014, watu waligundua kobalti chini ya nyumba zao, wakachimba uani na hata vyumbani. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilitengwa kwa ukuta, na mamia ya jamaa wakahamishwa kwa kulipwa fidia. Je, fidia ile ilitosha? Ilipimwa na nani? Jirani alipata kiasi gani? Hayo ni maswali ambayo baba wa nyumba angependa kuyasoma kabla ya kutia sahihi, siyo baada yake. Tena tarehe 27 Juni 2019 udongo uliwaangukia wachimbaji wa mkono katika mgodi wa KOV, eneo la KCC. Hesabu ya waliokufa ilitofautiana: wengine walisema 36, wengine 43. Kati ya hesabu hizo mbili wako watu saba, kila mmoja ana mama yake. Mwandishi wa mtaa, ajuaye ni nyumba zipi zilizoweka matanga, aweza kuhesabu vizuri kuliko afisa yeyote, mradi awe huru kuhesabu.

Watu hudhani kwamba kalamu hununuliwa siku fedha inapotolewa. Sivyo. Hununuliwa kidogo kidogo, kwa mazoea. Mwezi wa kwanza fedha ya ukurasa mzima ni ziada, mwalimu anafurahi. Mwezi wa pili ananakilisha magazeti 300 badala ya 100. Mwezi wa tatu amwahidi kijana mmoja mshahara wa kumgawia magazeti, na mwezi wa nne ameacha kuwaomba washonaji na waoka mikate vitangazo vyao, maana vyachosha na vina faida ndogo. Sasa hapana haja ya mtu kumpigia simu. Akiketi kuandika juu ya vumbi la mgodi aona uso wa kijana yule, na mwenyewe apunguza neno moja, kisha sentensi nzima.

Hata magazeti makubwa yameonja jambo hilo. Huko Kenya, mwaka 2017 serikali iliagiza matangazo ya wizara zake yakusanywe katika jarida lake MyGov, na mwezi wa Machi 2024 iliagiza yale ya redio na televisheni yapelekwe KBC, chombo cha serikali. Uganda nako, mwezi wa Machi 2023, Rais Museveni aliamuru matangazo ya serikali yapitie UBC. Waandishi hawakupelekwa gerezani kwa maagizo hayo. Bomba tu liligeuzwa upande mwingine. Kama nyumba zenye wafanyakazi mamia zilitikisika kwa hilo, kurasa nne za Manika zitakuwaje?

Lakini twaomba mtu asikimbie tangazo akaangukia penye ubaya zaidi. Katika nchi yetu kuna desturi ambayo waandishi huiita coupage: mwenye mkutano au mwenye sherehe humpa mwandishi bahasha ili habari yake itoke, tena itoke tamu. Mwandishi asiyelipwa mshahara huipokea, na msomaji hajui. Sisi twasema wazi kwamba tangazo lenye bei iliyobandikwa ukutani, lenye neno TANGAZO juu yake kwa herufi kubwa, ni safi mara kumi kuliko bahasha. Msomaji aona nani amelipa. Aweza kuliamini au kuliacha. Kwa hiyo mwalimu asikatae matangazo kwa kujiona mtakatifu, halafu kesho apokee nauli na soda kutoka kwa yule yule.

Basi aanzie chini. Redio ndogo ndogo za Kongo zaishi kwa njia hiyo miaka mingi: tangazo la kilio, la kitambulisho kilichopotea, la mbuzi aliyeonekana, la mkutano wa wazazi, la salamu za arusi. Kila moja huleta kidogo, lakini ni mengi, tena watu huyasoma kwa hamu kuliko makala zetu. Mwoka mikate akikasirishwa na habari ya mikate yenye uzito pungufu, na aende. Inapotea robo ya ukurasa, wengine thelathini wamebaki. Hawatakasirika wote siku moja. Hata hivyo tangazo la kilio tungependa lipokelewe kwa bei ndogo kuliko yote, au bure kwa asiye na kitu, kwa kuwa jamaa ile ina gharama nyingine siku hiyo.

Mengine ayakatae bila mashauri marefu. Dawa iponyayo kisukari, utasa na bahati mbaya katika chupa moja, asiitangaze. Wala asitangaze wale waahidio kuzidisha fedha za watu mara dufu kwa siku chache. Watu wazima wanakumbuka Bindo, mwaka 1991, na akiba za watu wa Kinshasa zilivyoyeyuka humo. Aliyepoteza fedha kwa tangazo la kigazeti hatamtafuta mdanganyifu aliyekimbia. Atamtafuta mwalimu, anayejua nyumba yake.

Kampuni nayo ikija, je? Hatusemi ifungiwe mlango. Ipewe nafasi ile ile ya mshonaji, robo ya ukurasa, kwa bei ile ile ya ukutani, ilipwe toleo kwa toleo pasipo mkataba wa mwaka, na isitokee kabisa katika toleo lenye habari ya kampuni hiyo. Tena fedha yake iwekwe mbali na karatasi na mshahara wa kijana. Inunuliwe kitu kinunuliwacho mara moja: mashine ya kuchapa, betri ya siku za giza, baiskeli ya kupelekea magazeti hadi Kapata. Kampuni ikiondoka mwaka ujao, baiskeli haitaondoka nayo. Na kama mjumbe wake atasema kwamba kampuni kubwa haiketi katika robo ya ukurasa karibu na fundi wa pikipiki, mwalimu amshukuru, amsindikize mpaka njiani kama ilivyo desturi, kisha arudi kumalizia habari ya bomba.