Mbalanga: Rangi ya Ngozi Hupotelea Wapi?

Mwezi uliopita, baada ya swala ya Alasiri, mzee mmoja alikaa nami barazani mwa msikiti. Binti yake alikuwa ameposwa na mahari yamekwisha tajwa. Kisha upande wa mume ukaona weupe kwenye ncha za vidole vyake na pembeni mwa mdomo, posa ikavunjwa. Wapo waliosema ni ukoma, na wapo waliosema mamake alimlisha samaki kwa maziwa. Mzee akaniuliza, "Sheikh, mwanangu amekosa nini?"

Ukoma si huo. Baka la ukoma aghalabu hufa ganzi. La mbalanga huhisi kama ngozi nyingine yote. Wala mbalanga haiambukizi, kwa sahani moja wala kwa kitanda kimoja. Samaki na maziwa pia hayana hatia.

Katika ngozi yetu Mwenyezi Mungu ameweka seli zinazotengeneza rangi, ziitwazo melanositi. Malighafi yake ni tairosini, itokanayo na protini. Kimeng'enya kiitwacho tairosinasi, chenye madini ya shaba ndani yake, huigeuza hatua kwa hatua hata ikawa melanini, ndiyo rangi yenyewe, ambayo hufungwa katika vifuko vidogo na kugawiwa seli jirani. Lakini kazi hii, mfano wa jiko la makaa, haikosi moshi. Moshi wake mmoja ni haidrojeni peroksaidi, dawa ile ile inayotumika kung'arishia nywele. Ngozi ina kimeng'enya kingine, katalasi, cha kuizimua. Watafiti wamekuta kwamba katika ngozi ya wenye mbalanga katalasi hupungua na sumu ile hurundikana.

Seli iliyochoshwa hivyo hutoa ishara za dhiki. Chembe nyeupe za damu, ambazo kazi yake ni kuua seli zilizoingiliwa na virusi, huja zikaidhania seli ya rangi kuwa adui na kuiua. Tena hutoa kemikali iitwayo intaferoni gama, nayo huifanya ngozi iite askari wengine zaidi. Ndipo baka likapanuka. Wengine huzaliwa na kinga iliyo nyepesi kukosea namna hii, na katika baadhi ya familia mbalanga huandamana na maradhi ya tezi ya shingo.

Akina mama wanisikilize hapa. Huko Japani, mwaka 2013, vipodozi vya kung'arisha ngozi vyenye rododendroli viliondolewa madukani baada ya maelfu ya watu kutokwa na mabaka meupe. Kemikali ile hufanana na tairosini. Kimeng'enya kikaipokea, kikaigeuza sumu ndani ya seli yenyewe. Na mikorogo inayouzwa vichochoroni kwetu, nani ajuaye ndani yake mna nini?

Matibabu yapo, mojawapo ni mionzi ya taa maalumu hospitalini. Seli za rangi huwa na akiba kwenye mashina ya nywele, kwa hiyo rangi hurejea kwa vidoa vidogo penye vinyweleo. Ncha za vidole na midomo, pasipo vinyweleo, hurejea kwa shida. Sikumficha mzee hilo.

Atakuwapo wa kunikumbusha kwamba vitabu vya Shafii vimeitaja barasi miongoni mwa aibu za ndoa. Ni kweli. Lakini wanavyuoni waliieleza kuwa ni weupe mkali unaoondoa damu ya ngozi, hata pakifinywa hapawi pekundu. Tena waliitaja kuwa hiari ya mwanandoa, hawakusema ndoa ni haramu. Baka la binti yule lina hukumu gani, ni la kadhi, si la majirani.

Mzee akauliza kama amwambie mposaji atakayefuata. Nikamjibu amwambie mapema, kabla ya mahari, na aende naye kwa daktari wa ngozi wakasikie pamoja.