Taa Inayoharibu Sauti ya Redio

Baada ya darsa ya alasiri, mama mmoja wa hapa Ganjoni aliniuliza swali ambalo si la fiqhi wala la tafsiri. Kila awashapo taa mpya ya ukumbini, redio yake ya jikoni hukwaruza hata asisikie neno. Akiizima taa, sauti hurudi safi. Majirani walikuwa wamekwisha kumwambia kuwa nyumba ina jini. Majini husingiziwa mengi katika mji huu, lakini hili si lao.

Umeme wa ukutani kwetu ni wa volti 240, nao huenda na kurudi mizunguko 50 kila sekunde. Taa hizi za LED haziutaki umeme wa namna hiyo. Kwa hiyo ndani ya shingo ya taa mna mtambo mdogo unaoukata na kuuunga umeme makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, hata uwe mpole na wa kufaa. Kila mkato hurusha mawimbi, na mawimbi hayo hutambaa katika nyaya za nyumba, nazo nyaya zikageuka kuwa eriali. Redio iliyo karibu huyapokea pamoja na sauti ya msomaji wa habari. Dawa yake yajulikana: koili ndogo na kapasita za kuyazuia mawimbi yasitoke. Thamani yake ni shilingi chache tu. Lakini mtengenezaji anayetaka kuwashinda wenzake kwa bei huviacha nje vipande hivyo, na taa huwaka vilevile. Hapo ndipo penye udanganyifu, kwa kuwa mnunuzi dukani hutazama mwanga, na mwanga haukupungua.

Tatizo hili ni la zamani kuliko taa hizi. Mwaka 1934, redio zilipoenea Ulaya na wasikilizaji wakalalamikia makelele ya mota na mitambo, iliundwa kamati ya kimataifa iitwayo CISPR kuweka mipaka ya kelele ambayo chombo chaweza kutoa. Hadi leo mipaka yake ndiyo inayofuatwa na nchi nyingi. Elimu yenyewe huitwa upatanifu wa sumakuumeme, na maana yake ni haki ya ujirani: chombo kisiwaudhi wenziwe, nacho kiwe na ustahamilivu wa kuishi kati yao. Wanaoswali Ijumaa wameusikia upande huu wa pili. Khatibu yuko juu ya mimbari, mara kipaza sauti kinatoa mlio wa tik-tik-tik, kisha simu ya mtu inaita. Simu ilirusha mawimbi kuzungumza na mnara, na nyaya za kipaza sauti, zisizokingwa vyema, zikayanasa.

Msikitini hilo ni usumbufu tu. Kwa mzee aliyetiwa kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, jambo ni zito zaidi. Vifaa hivyo hukingwa kwa uangalifu mkubwa, hata hivyo waganga hushauri simu iwe umbali wa sentimita 15 au zaidi kutoka kifuani, isiwekwe katika mfuko wa kanzu juu ya moyo, na isikilizwe kwa sikio la upande wa pili. Wajukuu wanaomtilia babu simu mfukoni waambiwe.

Sasa nije kwenye linalonitia hofu kuliko kelele. Aliyebana shilingi kwenye koili, kwa nini asibane kwenye kinga? Ndani ya chaja ya simu, umeme wa volti 240 na ule wa volti 5 unaofika mkononi mwa mtoto hukaa pamoja katika kijumba kidogo kama kiberiti, na kinachovitenga ni nafasi ya milimita chache na utando wa plastiki. Chaja ya haki hujaribiwa kwa volti zipatazo 3,000 ili ijulikane kuwa utando ule haupasuki. Chaja ya ulaghai haikujaribiwa na yeyote ila wewe na wanao. Na hewa yetu ya chumvi na unyevu haisamehe kazi mbovu: hula viungo vya shaba na kuacha kutu inayopitisha umeme pasipotakiwa.

Plagi nayo husema mengi kwa mwenye kuitazama. Katika plagi yetu ya miguu mitatu, miguu miwili ya chini huvikwa plastiki nusu yake, lakini mguu mrefu wa juu, ambao ni wa ardhi, lazima uwe chuma kitupu. Ukiuona umevikwa plastiki, basi aliyeitengeneza hakuwa akijua alifanyalo, au alijua. Waya wa kuongezea umeme ukinasa kwenye sumaku, si wa shaba. Ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba, nacho hupata moto upesi. Na ile tabia ya kuchokoa tundu la juu la soketi kwa kijiti au kalamu ili plagi ya miguu miwili iingie, hiyo ni kuvunja mlango uliowekwa kwa ajili ya vidole vya watoto.

Serikali haikulala kabisa. Shirika la kukadiria ubora wa bidhaa, KEBS, lipo tangu 1974, na tangu 2005 bidhaa nyingi zitakiwazo kuingia nchini hukaguliwa katika nchi zitokako kabla ya kupakiwa melini. Simu na vyombo vingine vya mawasiliano huhitaji pia idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Bidhaa za humu nchini hubeba alama ya ubora yenye nambari ya kibali. Nambari hiyo ikitanguliwa na SM# na kutumwa kwa ujumbe wa simu kwenda 20023, jibu hurudi likitaja mwenye kibali. Wala msidanganyike na herufi CE. Hiyo ni alama ya Ulaya, na kwa bidhaa nyingi mtengenezaji huipiga mwenyewe.

Lakini bandari ina milango, na mizigo ina njia. Kwa hiyo neno langu la mwisho nawaelekezea wauzaji, na miongoni mwao wamo kina mama wengi wanaouza vifaa kwa simu kutoka nyumbani. Wanazuoni wetu wameieleza bayana khiyari ya aibu: aliyeuziwa kitu chenye kasoro iliyofichwa ana haki ya kukirudisha na kurudishiwa mali yake. Kusema “nami nimeuziwa hivyo hivyo” hakuondoi haki hiyo. Muuzaji ajuaye kuwa chaja zake hupata moto, akanyamaza, hawezi kuuhesabu ukimya wake kuwa ni biashara.

Na mnunuzi aombe risiti. Akitilia shaka taa, azime zote, awashe redio, kisha awashe moja moja. Ile inayokwaruza itajitambulisha. Airudishe dukani. Mwenye duka akikaidi, KEBS wana ofisi hapa hapa Mombasa. Aende na chombo chenyewe, boksi lake na risiti.