Picha Yangu: Haki ya Mpiga Picha katika Mitandao ya Kijamii

Katika Kiswahili maneno mawili haya, "picha yangu", yana maana tatu. Mtu aliyepigwa picha husema "hii ni picha yangu" kwa sababu sura iliyomo ni yake. Aliyeinunua na kuitundika ukutani husema maneno hayo hayo kwa sababu karatasi na fremu ni mali yake. Mpiga picha naye husema hivyo kwa sababu yeye ndiye mtunzi: alichagua mahali pa kusimama, mwanga, na nukta ya kubonyeza. Lugha haikukosea, maana kila mmoja ana fungu lake ndani ya picha moja. Lakini sheria huyatenga mafungu haya matatu, na mtu asiyeyatenga huweza kudhulumu bila ya kukusudia. Madhumuni ya makala hii ni kueleza fungu la mtunzi, hasa picha yake inapotiwa katika mitandao ya kijamii.

Fungu hilo huitwa hakimiliki. Ni haki ya kutoa au kukataa ruhusa ya kazi kunakiliwa, kutangazwa au kuuzwa. Msingi wake baina ya mataifa ni Mkataba wa Berne wa mwaka 1886. Tangu mkataba huo uliporekebishwa mjini Berlin mwaka 1908, haki hii haingoji kuandikishwa: picha ikipigwa, haki imekwisha zaliwa. Kenya iliingia katika mkataba mwaka 1993, na Tanzania mwaka 1994. Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, na Tanzania Bara ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Hata hivyo, mpiga picha aliyeajiriwa yampasa kuusoma mkataba wake wa kazi, kwani yamkini haki imekwenda kwa mwajiri.

Wako wasemao kwamba mtu akiitia picha yake mtandaoni ameigawa kwa walimwengu. Neno hili si kweli. Masharti ya mitandao mikubwa husema kuwa mtunzi hubaki na mali yake, ila humpa mwenye mtandao ruhusa pana ya kuionyesha na kuieneza bila ya malipo. Ruhusa si hiba. Aliyemruhusu jirani kuvulia mashua yake hakuwaruhusu wavuvi wote wa ufukoni.

Jambo hili lilipimwa mahakamani kwa kisa cha Daniel Morel, mpiga picha wa Haiti. Tarehe 12 Januari 2010 tetemeko kubwa la ardhi liliubomoa mji wa Port-au-Prince. Morel alikuwapo, alipiga picha za maangamizi hayo, na siku ile ile akazitia katika Twitter. Haukupita muda mrefu, mtu mmoja wa Jamhuri ya Dominika akazinakili na kuziweka katika ukurasa wake kana kwamba ni zake. Shirika la habari la Agence France-Presse likazichukua picha nane kutoka huko, nazo zikasambazwa ulimwenguni, pamoja na kupitia kampuni ya Getty Images, zikiwa na jina la asiyezipiga.

Morel alipodai haki yake, shirika ndilo lililotangulia kwenda mahakamani New York, mwezi Machi 2010, likitaka itamkwe kuwa halikukosa. Lilitoa hoja kwamba masharti ya Twitter yaliruhusu watu wengine kuzitumia picha. Mwezi Januari 2013 jaji aliikataa hoja hiyo: masharti yale hayakulipa shirika la habari leseni ya kuzichukua na kuzitoa. Mwezi Novemba mwaka huo huo juri, yaani raia walioapishwa kuamua kesi, waliona kuwa Agence France-Presse na Getty Images walivunja haki kwa kujua, wakaamuru Morel alipwe kiasi cha dola 1,200,000 za Marekani.

Hukumu hiyo ni ya Marekani, wala haifungi mahakama zetu. Lakini hoja yake ni nyepesi kufahamika popote: kuonyesha si kutoa, na ruhusa aliyopewa mmoja haimfikii kila apitaye.

Yafaa kuongeza mambo mawili. Kwanza, kulitaja jina la mpiga picha ni wajibu wa adabu na mara nyingi wa sheria, lakini si badala ya ruhusa, wala si malipo. Pili, sheria huacha nafasi kwa matumizi fulani, kama kunukuu kwa kiasi na kufundisha, kwa sharti la kumtaja mtunzi. Anayeitia picha ya mwenziwe katika tangazo la biashara yake hayumo katika nafasi hiyo.

Mpiga picha naye ajilinde: ahifadhi picha ya asili, aandike tarehe na mahali, atie jina lake, na asome masharti kabla ya kuyakubali. Na anayeihitaji picha amtafute mwenyewe amwombe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame; na katika jambo hili kuinama ni barua moja tu ya kuomba ruhusa, ambayo gharama yake ni ndogo kuliko ya kesi, na ambayo humwachia fundi riziki ya kazi yake.