Kimya Huzaa Uvumi

Wahenga wamesema kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Aghalabu methali hii hutumiwa katika mambo mazito: vita, siasa na bei ya vyakula. Leo twaomba radhi ya wasomaji wetu tuitumie katika jambo ambalo wengine wataliona jepesi, nalo ni tetesi zinazoenezwa na wapenzi wa muziki wa roki kila bendi waipendayo inaposemekana kwamba i karibu kutoa albamu mpya. Tumelichagua jambo hili kwa makusudi. Ahadi ya albamu ikivunjwa hakuna anayelala njaa; kwa hiyo twaweza kutazama kwa utulivu jinsi ahadi inavyotolewa, inavyocheleweshwa, na jinsi wale waliowekwa kungojea wanavyoliziba wenyewe pengo lililoachwa na mwenye kuahidi.

Visa vya namna hii ni vingi, lakini chenye mafunzo mengi ni kile cha bendi ya Guns N' Roses ya Los Angeles, Marekani, na albamu yake iliyoitwa Chinese Democracy, yaani Demokrasia ya Kichina. Bendi hiyo haikuwa ya kubahatisha. Albamu yake ya kwanza, Appetite for Destruction ya mwaka 1987, iliuzwa kwa mamilioni duniani kote. Mwezi wa Septemba 1991 ilitoa albamu mbili kwa siku moja, Use Your Illusion I na II, nazo zikashika nafasi ya pili na ya kwanza katika orodha ya mauzo ya Marekani. Mwaka 1993 ikatoa albamu ya nyimbo zilizotungwa na watu wengine. Baada ya hapo kukawa kimya. Slash, mpiga gitaa aliyekuwa nguzo ya bendi, aliondoka mwaka 1996; Duff McKagan, aliyepiga gitaa la besi, akamfuata mwaka 1997. Mwimbaji Axl Rose akabaki na jina la bendi mkononi, akaanza kukusanya wanamuziki wengine. Mwaka 1999 alilitaja hadharani jina la albamu ijayo. Albamu yenyewe ilitoka tarehe 23 Novemba 2008.

Maana yake ni kwamba wapenzi wa bendi hii walingoja miaka 17 wapate albamu ya nyimbo zake mpya, na miaka tisa ya mwisho waliingoja albamu ambayo tayari walilijua jina lake. Mtu akiambiwa kwamba mtoto keshapewa jina, ana haki ya kuuliza atazaliwa lini.

Walifanya nini katika kungoja kwao? Waliitunga albamu wenyewe. Mwezi wa Januari 2001, bendi mpya ilipopanda jukwaani Las Vegas na kisha Rio de Janeiro, wapo waliozirekodi nyimbo ngeni walizozisikia, wakazisambaza, na mabishano yakaanza: zipi zitaingia katika albamu, zipi zitatupwa, na ipi itatangulia. Kila mmoja akawa na orodha yake. Mwaka 2003 mchezaji mashuhuri wa besiboli, Mike Piazza, alimpa mtangazaji wa redio mjini New York nakala ya wimbo uitwao "I.R.S." uliokuwa haujatolewa, ukapigwa hewani, na tetesi zikapata kuni mpya. Ilipojulikana kwamba Brian May wa bendi ya Queen, ile ambayo mwimbaji wake Freddie Mercury alizaliwa Unguja mwaka 1946, alipiga gitaa katika wimbo mmojawapo, wapenzi waliungojea wimbo huo kwa hamu ya pekee. Albamu ilipotoka, wimbo ulikuwamo lakini gitaa la May halikuwamo.

Tusifanye haraka kuwacheka watu hawa. Kazi waliyoifanya haikuwa tofauti sana na ya mwanachuoni anayelinganisha vipande vya nakala mbili za utenzi mmoja ili ajue mtunzi alikusudia nini. Waliokota neno moja katika mahojiano, dakika tatu za sauti mbaya iliyonaswa katika umati wa watu, jina la mwanamuziki aliyeonekana akiingia studio, wakaviunga pamoja. Kosa lao halikuwa uvivu wa fikira. Msiba wao ni kwamba walifanya kazi hiyo yote gizani, na aliyekuwa na taa hakutaka kuiwasha.

Na huko ndani kulikuwa na nini? Mwezi wa Machi 2005 gazeti la The New York Times lilieleza kwamba gharama za albamu hiyo zilikuwa zimefika dola milioni 13. Lilieleza pia kwamba kampuni ya Geffen iliwahi kumlipa Rose dola milioni moja ili aendelee na kazi, na kumwahidi milioni nyingine endapo angeikabidhi ifikapo Machi 1999. Machi hiyo ilipita. Akaletwa Roy Thomas Baker, mtayarishaji aliyesimamia "Bohemian Rhapsody" ya Queen mwaka 1975, na nyimbo zilizokwisha kurekodiwa zikaanza kurekodiwa upya. Mpiga gitaa mmoja, Buckethead, ilisimuliwa kuwa alijengewa banda la kuku ndani ya studio ili apate kufanya kazi kwa raha. Mwaka 2004 kampuni ilichoka, ikakataa kuendelea kulipa, na ikatoa mkusanyo wa nyimbo za zamani ili irudishe fedha zake.

Haya yote msikilizaji hakuyajua yalipokuwa yakitendeka. Alichokipata ni tarehe. Tarehe moja ilitajwa, ikapita. Nyingine ikatajwa, nayo ikapita. Mwezi wa Desemba 2006 Rose mwenyewe aliwaandikia wapenzi wake barua ya wazi, akataja tarehe 6 Machi 2007 kuwa ndiyo siku inayokusudiwa. Siku hiyo nayo ilipambazuka na kuchwa kama siku nyingine. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na yule anayeumwa tumbo hatimaye hufanya mojawapo ya mambo mawili: hucheka au hukasirika.

Waliocheka walikuwa wengi. Bendi ya The Offspring ilitishia mwaka 2003 kulichukua jina la Chinese Democracy na kuliweka katika albamu yake yenyewe. Gazeti la muziki la Spin lilichapisha mwezi wa Aprili 2006 uhakiki wa albamu ambayo haikuwapo, kwa ajili ya mzaha wa siku ya wajinga. Kampuni ya soda ya Dr Pepper ilitangaza mwezi wa Machi 2008 kwamba albamu ikitoka mwaka huo, kila mtu katika Marekani atapewa kopo moja la soda bure, isipokuwa Slash na Buckethead. Albamu ikatoka kweli, na kampuni iliyodhani inafanya mzaha ikajikuta nayo ina deni, watu wakilalamika kwamba hawakuweza kuzipata hati za kuchukulia soda yao.

Lakini hasira nayo ilikuwapo, na hapa ndipo jambo hili linapoacha kuwa jepesi. Mwezi wa Novemba 2002 onyesho la bendi hiyo huko Vancouver, Kanada, lilifutwa watu wakiwa wamekwisha kufika mlangoni, wakavunja vioo na kupambana na polisi. Mwezi uliofuata huko Philadelphia, Rose hakutokea jukwaani, na waliolipa kiingilio wakarusha viti. Kisha mwezi wa Juni 2008 mtu mmoja wa Los Angeles aliweka katika intaneti nyimbo tisa za albamu hiyo, ili kila mtu azisikilize. Alikamatwa na maofisa wa upelelezi wa serikali, akakiri kosa, na mwaka 2009 akapewa kifungo cha nje cha mwaka mmoja pamoja na amri ya kukaa nyumbani miezi miwili. Hatumtetei, mali ya mtu ni mali yake hata akiificha. Twasema tu kwamba palipo na mlango uliofungwa miaka tisa, na umati uliosimama nje ukiambiwa kila mwaka kwamba mlango unafunguliwa kesho, si ajabu atokee mmoja wa kupitia dirishani.

Wapo watakaotupinga. Watasema kwamba msanii si fundi seremala. Hakupewa mbao na kipimo ili akabidhi meza siku ya Ijumaa. Hisia hazina kalenda, na kazi iliyoharakishwa ni aibu ya milele kwa jina la aliyeitoa. Hoja hii ina nguvu, nasi twaikubali kwa sehemu kubwa. Msanii hana deni la kutunga. Anaweza kukaa kimya miaka 20 na hakuna mwenye haki ya kumdai hata ubeti mmoja. Lakini siku anapopanda jukwaani akataja jina la kazi na mwezi itakapotoka, ameacha kusema kama msanii na amesema kama mwenye kuahidi, na ahadi ni deni. Kuanzia hapo anawiwa na watu angalau neno moja la kweli: kwamba kazi bado, kwamba fedha zimekwisha, kwamba sijui.

Kwamba jambo hili lawezekana, bendi ya Radiohead ya Uingereza ilionyesha. Baada ya albamu yake ya mwaka 2003 ilikaa miaka minne bila kutoa nyingine. Tarehe 1 Oktoba 2007 ilitoa tangazo fupi: albamu imekamilika, na itatoka baada ya siku kumi. Tarehe 10 Oktoba albamu hiyo, In Rainbows, ikatoka, na kila msikilizaji akaambiwa alipe anachoona kinafaa. Tarehe iliyotajwa ilikuwa moja tu, nayo ilitajwa kazi ikiwa imekwisha.

Hata hivyo tusijidanganye kwamba ukweli ukisemwa uvumi hufa. Albamu hiyo ya Radiohead ilipokwisha kutoka, baadhi ya wapenzi waligundua kwamba imekuja miaka kumi baada ya OK Computer ya mwaka 1997, wakadai kwamba ukizipanga nyimbo za albamu hizo mbili kwa kupokezana, wimbo wa huku na wimbo wa kule, utaisikia albamu ya tatu iliyofichwa. Watu hao hawakuwa wakidai deni lolote. Walikwisha kupata kila kitu. Walicheza tu kwa furaha na kile walichopewa. Kwa hiyo twaona kwamba uvumi una mama wawili. Mmoja ni mapenzi, na mtoto wake hana madhara. Wa pili ni kimya cha mtu aliyekwisha kuahidi, na mtoto wa mama huyu hukua na chuki.

Tena hukua hata akamdhuru baba yake. Chinese Democracy ilipowasili ikiwa na nyimbo 14, iliuzwa katika juma la kwanza huko Marekani nakala zipatazo 261,000 na kushika nafasi ya tatu. Kwa bendi nyingine hiyo ingekuwa karamu. Kwa bendi hii ilihesabiwa kuwa ni kushindwa. Hakuna albamu iliyotengenezwa kwa mikono ya wanadamu ambayo ingeweza kuishinda ile iliyokwisha kutungwa katika vichwa vya watu kwa miaka tisa. Nyimbo nzuri zilizomo, nazo zimo, zilipimwa kwa mizani ya ndoto. Hapa lawama ni ya msikilizaji pia. Aliyengoja miaka mingi ana haki ya kulalamika juu ya kungoja, lakini wimbo hauna hatia ya kuchelewa kwake, nao unastahili kusikilizwa ulivyo.

Slash na McKagan walirudi katika bendi mwaka 2016, na mara moja tetesi za albamu mpya zikafufuka. Mwezi wa Agosti 2021 bendi ilitoa wimbo mmoja tu, uitwao "Absurd". Wapenzi wake wa siku nyingi waliutambua papo hapo: ulikuwa "Silkworms", wimbo uliopigwa jukwaani mwaka 2001 na kuachwa nje ya albamu. Miaka 20 waliuhifadhi katika kumbukumbu zao na katika kanda zao mbovu, bila mshahara wala shukrani.

Watu wanaotunza namna hiyo wanastahili heshima. Kwa wanamuziki, na kwa makampuni yanayowasimamia, rai yetu ni fupi: tajeni tarehe kazi inapokuwa imekamilika, na kabla ya hapo semeni kweli au nyamazeni kabisa. Kwa wapenzi wa muziki twasema: vumisheni mpendavyo, bishaneni, pangeni orodha zenu, maana ni furaha isiyomdhuru mtu, ila msiibe, msimtangazie mwenzenu kuwa ni yakini jambo mlilolikisia, na albamu itakapofika mwisho, zikunjeni orodha hizo mkaisikilize.