Nyuzinyuzi: Sahani ya Maharage na Kopo la Dukani

Nyuzinyuzi ni sehemu ya mmea ambayo vimeng'enya vya utumbo mwembamba haviwezi kuivunja. Hufika katika utumbo mpana karibu kama zilivyoliwa, na huko ndiko kazi yake kubwa huanza. Nyuzinyuzi za pumba za ngano hushika maji na kuongeza kinyesi. Zile za maharage na matunda, kwa kiasi kikubwa, huliwa na bakteria, ambao hutoa butireti, asidi inayotumiwa na seli za ukuta wa utumbo kama chanzo cha nguvu.

Elimu hii ina deni kwa Kampala. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji mzaliwa wa Ireland, na mwenzake Hugh Trowell walitibu wagonjwa Uganda kwa miaka mingi, wakaona kwamba saratani ya utumbo mpana na ugonjwa wa kidole tumbo, vilivyozoeleka Uingereza, vilikuwa adimu huku. Mwaka 1972 Burkitt na wenzake walichapisha vipimo vyao. Kwa wanakijiji wa Uganda, mlo ulipita mwilini kwa takriban saa 36, nao walitoa kinyesi cha kama gramu 470 kwa siku. Kundi moja la Waingereza lilichukua saa zipatazo 83 na kutoa gramu 104. Bila shaka wanakijiji hao hawakutofautiana na Waingereza kwa nyuzinyuzi tu; nyama, mafuta na kazi za mwili navyo vilitofautiana.

Ushahidi wenye nguvu zaidi ulikuja mwaka 2015. Wamarekani 20 wenye asili ya Afrika na Waafrika Kusini 20 wa vijijini walibadilishana milo kwa wiki mbili. Nyuzinyuzi za Wamarekani zilipanda hadi gramu 55 hivi kwa siku, na butireti tumboni mwao ikaongezeka zaidi ya maradufu. Kwa Waafrika Kusini, waliopewa mlo wa Kimarekani, ilishuka kwa nusu. Hata hapa mafuta na nyama vilibadilika pamoja na nyuzinyuzi.

Basi, je, nyuzinyuzi zikitolewa peke yake, zikafungwa kwenye kopo, hufanya kazi ileile? Majaribio mawili yaliyochapishwa mwaka 2000 yalivunja matumaini. Huko Marekani, pumba za ngano hazikuzuia vinyama vya utumbo mpana, vinavyoweza kugeuka saratani, kuota tena. Huko Ulaya, waliopewa maganda ya mbegu za isapgol walipata vinyama hivyo zaidi ya wenzao.

Hata hivyo isapgol si bure. Maganda hayo, yanayozalishwa zaidi nchini India, hulainisha choo kigumu na kushusha kidogo lehemu mbaya katika damu. Hiyo ni kazi ya dawa, na yafaa itumiwe kama dawa.

Mlo hutoa zaidi ya hapo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku kutoka kwenye chakula chenyewe. Kikombe cha maharage yaliyopikwa hutoa nusu yake au zaidi. Ugali wa dona huongeza kiasi ambacho sembe imekwisha kukipoteza kinuni pamoja na pumba.

Anayeongeza nyuzinyuzi aziongeze polepole, la sivyo gesi itamsumbua. Isapgol inywewe na maji mengi, kwa kuwa ikivimba kooni inaweza kumkaba mtu, na isimezwe pamoja na dawa nyingine.