Maneno ya Kiingereza Yanayoanza na "Con-" na Dhamiri Zetu



Sisi tunaosoma falsafa kwa Kiingereza tunakutana kila siku na maneno yanayoanza na herufi hizi tatu: conscience, conscious, consent, contrition. Mwaka wangu wa kwanza nilipoteza alama kwa kuchanganya mawili ya mwanzo. Niliandika kwamba mlevi aliyelala njiani hajitambui amepoteza conscience yake. Mwalimu alilizungushia wino mwekundu, akauliza pembeni: asubuhi akiamka hatajuta?

Conscious ni kuwa na fahamu. Mtu akizimia, anaipoteza. Conscience ni dhamiri, ile hukumu ya akili inayomwambia mtu kuwa tendo hili ni jema au ni baya. Aliyezimia hurudiwa na fahamu akipepewa na kumwagiwa maji. Dhamiri iliyozoeshwa kunyamaza haiamshwi na ndoo ya maji.

Hata hivyo asili yao ni moja. Con- ni cum ya Kilatini, yaani "pamoja na", na mzizi unaofuata unahusu kujua. Conscience basi ni kujua pamoja na mwingine. Ni nani huyo mwingine? Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Gaudium et Spes ya mwaka 1965, namba 16, unafundisha kwamba ndani kabisa ya dhamiri mtu yuko na Mungu. Neno letu dhamiri linatoka Kiarabu, na lina wazo la kilichofichwa ndani. Dhamira, yaani nia, ni ndugu yake wa mzizi huohuo, ndiyo maana hata parokiani tunayachanganya. Lakini mtu anaweza kuwa na dhamira ya kuiba huku dhamiri yake ikimkataza.

Consent ni ridhaa. Kwa Kilatini ni kuhisi pamoja. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1857, inataka mambo matatu ili dhambi iwe ya mauti: jambo zito, ufahamu kamili na ridhaa kamili. Kwa hiyo yule mlevi wangu hahukumiwi tu kwa hali aliyokuwa nayo pale njiani. Ataulizwa pia kuhusu saa ile alipoagiza chupa ya kwanza akiwa na akili zake timamu.

Tahadhari kidogo: herufi zikifanana si lazima asili ifanane. Cone, ile pia ya hesabu, ni ya Kigiriki na haina cum yoyote. Kwetu pia, ki- ya kitabu imo ndani ya neno lenyewe la Kiarabu, lakini sisi tumeifanya kiambishi tukapata vitabu.

Contrition ni majuto. Hapa con- inatia nguvu tu, kama "kabisa", na kitenzi terere ni kusugua, kusaga. Kwa hiyo ni moyo uliosagwa kabisa. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka bibi yangu kule Kongwa, amepiga magoti mbele ya jiwe akisaga uwele. Akiona punje nzima kwenye unga, aliurudisha jiweni. Likizo iliyopita nilitumia mfano huo kwa watoto wa Kipaimara. Wamezoea mashine, ikabidi kwanza twende nyuma ya nyumba ya jirani nikawaonyeshe jiwe lenyewe.