Kinu, Kitunguu Saumu na Kizimba cha Sato

Menya punje ya kitunguu saumu uinuse kabla ya kuikata. Harufu yake ni hafifu, karibu haipo. Sasa itwange. Kile kinachokupanda puani hakikuwamo ndani ya punje sekunde chache zilizopita, kimezaliwa kinuni. Mwaka 1944 wanakemia wawili wa Marekani, Chester Cavallito na John Hays Bailey, walikitenga na kukiita alisini. Punje nzima ina kemikali iitwayo aliini, na kando yake, katika chumba kingine, kuna kimeng'enya kinachosubiri. Mchi ukibomoa ukuta ulio kati yao, au jino la mdudu likiubomoa, viwili hivyo hukutana na alisini huanza kutokea papo hapo. Ndiyo silaha ya mmea dhidi ya anayeutafuna, na bakteria wengi hawaihimili.

Maelezo mengi yanayowafikia wafugaji wa samaki kuhusu mitishamba huiruka hatua hii ya kinu. Wanaambiwa tu kwamba kitunguu saumu kinaongeza kinga. Ni kweli, kinaweza. Lakini mfugaji aliyemwaga punje nzima kwenye sufuria ya pumba na dagaa, akachemsha, amekiua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi yake. Amebaki na chakula cha kawaida kilichomgharimu zaidi.

Twende ziwani kwanza. Kizimba kimoja cha wavu katika Ziwa Victoria, upande wa Mwanza, Kisumu au Jinja, hubeba sato maelfu. Wote wanapitisha maji yaleyale kwenye matamvua yao, na maji hayo hayana siku yanapokuwa safi kwa maana ya hospitalini. Bakteria aitwaye Aeromonas hydrophila yumo humo mwaka mzima. Samaki mwenye afya huishi naye bila shida. Akipigwa na joto, akibanwa na wenzake, akichubuliwa magamba wakati wa kupimwa uzito, bakteria huyo huingia. Hapo ndipo yanapoonekana madoa mekundu chini ya ngozi, vidonda, tumbo lililojaa maji. Mwenzake, Streptococcus, hushambulia hadi ubongo: samaki huogelea kwa kuzunguka kama pia, macho yakiwa yamemtoka.

Na samaki mgonjwa hali chakula. Jambo hili dogo ndilo linaloamua mengine yote. Dawa iliyochanganywa kwenye chakula huliwa na wazima, wagonjwa wakiwa wamejibanza pembeni ya wavu, na inayobaki huzama ziwani na kuwafundisha bakteria wa humo usugu. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kutumia viuavijasumu kama kichocheo cha kukuza mifugo tangu tarehe 1 Januari 2006, kwa hofu hiyohiyo ya usugu. Wanorwei walipunguza viuavijasumu kwa samaki wao wa salmoni kwa kiasi kikubwa sana kwa njia ya chanjo, kila samaki akichomwa sindano tumboni. Salmoni wa kilo kadhaa anailipa sindano hiyo. Sato anayeuzwa hajafika hata nusu kilo anailipa kwa shida.

Kwa hiyo mtishamba kwenye chakula tusiutazame kama tiba. Ukishaona samaki wanaelea asubuhi, umechelewa. Kazi yake ni kumkuta samaki angali anakula, na kuamsha walinzi wake kabla ya hodi kupigwa.

Walinzi hao ni wa ajabu kwa namna yao. Samaki hana uboho kwenye mifupa kama sisi. Chembe zake za damu hutengenezwa katika sehemu ya mbele ya figo, karibu na kichwa. Kingamwili anazo, ila huchukua wiki kadhaa kujijenga, na katika maji baridi huchelewa zaidi. Ndiyo maana anategemea mno kinga ya kuzaliwa nayo: ute unaoteleza mwilini, ambao ndani yake mna vimeng'enya vya kupasua kuta za bakteria, na chembe nyeupe zinazomeza chochote kigeni zinachokutana nacho. Anayemshika samaki kwa kitambaa kikavu na kumfuta ute amemvua nguo ya vita.

Je, kiungo cha jikoni kinaweza kuongeza nguvu za walinzi hao? Katika Chuo Kikuu cha Heriot-Watt huko Scotland, Elijah Nya na Brian Austin waliwalisha trauti wachanga chakula chenye kitunguu saumu kwa siku 14, kisha wakawaambukiza Aeromonas hydrophila kwa makusudi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Waliokula chakula cha kawaida walikufa asilimia 88. Waliopewa nusu gramu ya kitunguu saumu kwa kila gramu 100 za chakula walikufa asilimia 4. Wakajaribu na tangawizi kwa kipimo hichohicho: asilimia 64 ya wasioila walikufa, na kati ya walioila hakufa hata mmoja. Chembe zao nyeupe zilikuwa zimechangamka, na damu ilikuwa na nguvu zaidi ya kuua bakteria.

Tarakimu hizo zinasisimua, na zilinisisimua hata mimi. Lakini trauti ni samaki wa maji baridi, yule anayefugwa kwenye vijito vya Mlima Kenya, na majaribio yalifanyika kwenye matangi. Misri, inayofuga samaki zaidi ya tani milioni 1.5 kwa mwaka na kuongoza Afrika yote, iliwahi kupima kitunguu saumu kwa sato wenyewe. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, kipimo kilichotoa ukuaji bora kilikuwa gramu 30 kwa kilo ya chakula. Linganisha na Scotland: nusu gramu kwa gramu 100 ni gramu 5 kwa kilo. Tofauti ya mara sita! Mtu anayekuuzia mfuko wa unga wa kitunguu saumu na kukuambia "vijiko viwili vinatosha" amepata wapi uhakika huo? Kipimo hubadilika kwa aina ya samaki, joto la maji, umri wa kitunguu, na jinsi kilivyokaushwa.

Kuzidisha nako kuna madhara. Majani ya mlonge, tunayoyasifu kwa haki, yana saponini zinazoweza kuzuia usagaji wa chakula tumboni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Hohenheim, Ujerumani, walionyesha mwaka 2003 kwamba sato walivumilia mlonge ukichukua nafasi ya asilimia 10 ya protini ya chakula. Ulipozidi hapo, ukuaji ulidorora. Mwarobaini ndio wa kuogopwa zaidi, kwa sababu jina lake limebeba maradhi arobaini na watu huuamini bila kuuliza. Kemikali yake ya azadiraktini, inayoua wadudu shambani, ni sumu kwa samaki ikizidi majini.

Anayetaka kujaribu kitunguu saumu afuate mantiki ya kinu. Kitwangwe kibichi, kiachwe kama dakika kumi ili alisini ikamilike kujitengeneza, kichanganywe na mafuta kidogo ya kula, kisha vidonge vya chakula vilivyokwisha kutengenezwa vipakwe mchanganyiko huo na kukaushwa kivulini. Mafuta hushikilia dawa isiyeyukie majini. Alisini haidumu, hivyo kipakwe kiasi cha kulishwa mapema, si mzigo wa mwezi mzima. Kukitia kitunguu kwenye mashine ya vidonge vinavyoelea, ambako joto hupita nyuzi 100, ni kupoteza sehemu kubwa ya kile unachokilipia.

Yapo pia yasiyotibika kwa kiungo chochote. Mwishoni mwa 2022 wafugaji wa vizimba upande wa Kisumu walipoteza samaki wengi kwa muda mfupi. Watafiti walieleza kuwa maji ya chini yenye oksijeni kidogo yalipanda juu. Samaki anayekosa pumzi hasaidiwi na tangawizi. Halafu kuna virusi vya perege, yaani jamii ya sato, vilivyoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 2014 na ambavyo vinasaba vyake vimeshapatikana kwa samaki wa Ziwa Victoria. Dhidi ya hivyo, kinachofaa ni vifaranga kutoka kituo kinachopima, na nyavu zisizohamishwa kizimba hadi kizimba bila kusafishwa.

Ninachokitamani kwa wafugaji wetu hakihitaji maabara. Vizimba viwili jirani, vifaranga wa kundi moja, idadi sawa, chakula kilekile, kimoja kikipakwa kitunguu saumu na kingine kikipakwa mafuta matupu. Kipimajoto kimoja cha maji. Na kila asubuhi, kabla ya kulisha, mtu ashuke na mtumbwi, aokote waliokufa, ahesabu, aandike kwenye daftari lenye safu mbili.